Bodø, Mji wa Dada Yangu

Kila anayepita kibandani kwangu hapa Buyenzi, Bujumbura, ananiuliza swali lilelile: ilikuwaje huko? Nikianza kujibu anaingia mteja na kibao chake, ninaacha katikati, na anayefuata anasikia hadithi isiyo na kichwa. Nimechoka kusimulia vipandevipande. Nimeandika mara moja, mpitishiane wenyewe, na mkimaliza mnihurumie, msiniulize tena. Habari za viza na makaratasi nimeziacha. Ziliniumiza mara moja, sitaki zinichoshe mara mbili.

Mutakura, asubuhi ya kuondoka

Mnajua kazi yangu ni kuandika vibao. Saluni, duka la dawa, mgahawa, fundi pikipiki, ukiona herufi zimesimama vizuri kutoka Musaga hadi Mutakura, kuna uwezekano ni mkono wangu. Kwa hiyo msishangae nikianza na herufi.

Dada yangu Mwamini, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka sita, aliishi Norwe, mji unaoitwa Bodø. Alifika huko kama mkimbizi, na binti yake Aziza akiwa na miaka minane. Mara ya kwanza nilipomwandikia kwenye simu niliandika Bodo, kama ilivyo kwenye karatasi zote za Kiingereza. Akanirudishia ujumbe wa sauti, mrefu: "Saidi, we ni fundi wa maandishi na unaandika mji wangu hivyo? Weka ule mustari katikati ya o. Watu wa huku wanasema ni herufi ingine kabisa." Tangu siku hiyo nikikosea alikuwa hajibu swali langu mpaka nirekebishe. Ndivyo alivyokuwa, hata tulipokuwa wadogo ukimwita vibaya hageuki.

Mwaka huu aliugua. Mwanzoni alisema ni uchovu, baadaye akawa hasemi, anaongea Aziza. Nilichotaka ni kimoja tu, nimkute akiwa hai. Tulikuwa hatujaonana miaka kumi na saba.

Usiku wa kuamkia Jumapili, siku ya safari, nililala kwa mama yangu, Mutakura, ili niondokee mikononi mwake. Nilipoamka nilimkuta ameketi jikoni, moto umewashwa lakini hakuna kilichopikwa. Nilimuuliza kama amelala, akasema uzee hauna usingizi. Wiki nzima alikuwa amekaanga ndagala, dagaa wetu wa ziwani, za kumpelekea Mwamini, amezifunga kwenye mfuko. Asubuhi ile akanipa mfuko ule akaniambia, "Hizi ukisikia njaa kula we mwenyewe njiani. Usijibane."

"Na Mwamini?"

"We kula, mwanangu. We ndiye uko safarini."

Nilidhani ni huruma ya mama. Kwenye valizi, sanduku langu la safari, nilikuwa nimepaka rangi nyeupe jina la mji, BODØ, herufi za kiganja kizima. Uwanja wa ndege, yule aliyepima mizigo akacheka, akaniuliza kama nilikosea nikafuta. Nikamwambia hapana bwana, ndivyo inavyoandikwa. Akatazama tikiti yangu, imeandikwa BODO, akanitazama mimi, akaona afadhali aiamini tikiti.

Addis Ababa, siku moja na nusu

Ndege ya pili haikuondoka. Walitupanga mstari, wakatupa karatasi, wakatupanga mstari mwingine, kisha wakatupakia kwenye basi hadi hoteli. Nilikula injera, mkate wao laini kama chapati, mara tatu, na mara zote tatu nilimaliza nikiwa sijui kama nimeshiba. Mhudumu alinionyesha kwa vidole namna ya kumega. Nikamwonyesha kwamba sisi nasi tunakula kwa mkono, shida yangu ilikuwa uchachu. Akaelewa nimesema ni tamu, akaniongeza.

Mtandao ulipopatikana nilimpigia Aziza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama anaendeleaje?"

"Anapumzika, mujomba."

"Mwambie nimechelewa, wasiponitoa leo nitatembea kwa miguu."

"Usijisumbue, mujomba. Utafika tu. Kunywa maji, lala."

Nililala kweli. Nikiikumbuka safari yangu nzima, hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: hakuna hata mtu mmoja aliyeniharakisha. Mgonjwa mahututi, ndugu yake wa pekee yuko njiani, na kila niliyeongea naye ananiambia nipumzike. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza. Mimi nilishukuru kwamba watu ni wapole.

Oslo, nyumbani kwa Mama Furaha

Nilitua Oslo Jumanne mchana. Aziza alikuwa amepanga nipokewe na Mama Furaha, mwanamke wa Uvira, Kongo, aliyekaa kambi moja ya wakimbizi hukohuko Norwe na Mwamini miaka ya mwanzo. Ni Mkristo, wa kanisa kabisa, lakini alinipikia kuku aliyechinjwa kwa Waislamu na akanionyesha risiti ya bucha kabla sijauliza. Sombe, yale majani ya muhogo, aliipata wapi sijui. Ilikuwa na mawese, na nyumba ilinukia kama kwetu.

Nilimwambia nataka kuondoka jioni ileile, nimesikia kuna treni ya usiku na kuna ndege.

"Apana," akasema. "We lala hapa. Kesho asubuhi nitakupandisha treni mi mwenyewe. Utafika na nguvu."

Aliongea akiwa amenipa mgongo, anakoroga chungu kisichohitaji kukorogwa. Nikabisha kidogo. Akaniambia Aziza ndiye aliyesema hivyo. Basi nikakaa.

Ili tusiongee habari za ugonjwa, tukabishana habari za herufi. Aliiona valizi yangu, akasema Mwamini amenifundisha ukaidi wake. Yeye akiandikia watu kwa Kiingereza anaandika Bodo tu. "Simu yangu iko ya zamani, kule kuitafuta hiyo herufi unamaliza saa. Na huyo Muingereza anayesoma atafanya nini na mustari? Atafikiri ni uchafu kwenye kioo."

"Na wao wakiandika jina lako wanavyotaka?"

"Wameniandika namna nne, bwana Saidi. Mi nimezoea, ninaitika zote."

Nikamwambia habari za baba yetu. Cheti chake kinasema alizaliwa Usumbura, kwa kuwa ndivyo Wabelgiji walivyopenda kuuita mji. Mimi changu kinasema Bujumbura. Tumezaliwa chumba kimoja cha nyumba moja hapahapa Buyenzi. Ofisini niliwahi kuulizwa familia yetu ilihama mwaka gani. Mama Furaha alicheka hadi akaketi, halafu kicheko kikakatika, akajifuta macho kwa kanga kwa muda mrefu kuliko kicheko chenyewe. Aliniombea kabla ya kulala, kwa sauti ya chini, na sikuuliza anachokiomba.

Treni ya kaskazini, Jumatano

Asubuhi alinipandisha kama alivyoahidi, akanishikilia mkono dirishani mpaka treni ikasogea. Nilikaa karibu na bibi mmoja mwenye nywele fupi nyeupe, anafuma soksi. Aliisoma valizi yangu, akaweka soksi chini, akaanza kuniongelesha kwa lugha yao kwa furaha kubwa. Alidhani mtu anayeandika mji wake vizuri namna ile lazima anajua kuongea. Nikamjibu kwa Kifaransa kwamba sijui lolote. Kumbe alijifunza Kifaransa shuleni. Alikitumia kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Alizaliwa Bodø na alikuwa anarudi. Akanifundisha kulitamka jina la mji, midomo imebanwa, na mimi nikalitoa vibaya mara sita. Ya saba akapiga makofi, na abiria wawili wakageuka kututazama.

Nikamuuliza kama humkera kuona Bodo kwenye karatasi za Kiingereza. Akafikiri. Alisema kwa miaka mingi yeye mwenyewe aliandika hivyo, alipokuwa akimwandikia mwanawe aliyeoa Uingereza, kwa sababu alitaka barua zisomeke. Sasa ana mjukuu huko wa miaka kumi anayeandika Bodo na kusoma Bodo, na mwaka jana alimsahihisha bibi yake, akamwambia amekosea kulitamka. "Ni mimi niliyemfundisha," akasema. "Nilikuwa nataka tu kuwarahisishia."

Nikatoa kalamu yangu nene ya kazi nikamwandikia jina la mji wake kwenye daftari lake la kufumia, herufi za kibao hasa, zenye kivuli. Akanipa mkate wenye jibini ya kahawia. Nikamuuliza kama kuna nguruwe, neno hilo la Kifaransa hakulijua, nikakoroma kabisa ili aelewe, na yeye akaelewa kwamba nimeipenda. Nikamtolea ndagala. Alizila na vichwa vyake, hakuacha kitu. Tulicheka sana, jamani. Nilitazama saa ya treni kwa kuwa nilitaka kujua adhuhuri. Ilikuwa saa saba na dakika chache mchana.

Tulibadilisha treni Trondheim. Huko juu jua wakati huo wa mwaka halizami. Mwamini aliwahi kuniambia, nikadhani ananitania. Nikakaa dirishani nikiisubiri magharibi ambayo haikuja, mwishowe nikaswali kwa saa ya Bujumbura na kumwachia Mungu mengine.

Bodø

Aziza alinipokea stesheni Alhamisi asubuhi. Nilimwacha mtoto wa miaka minane, nikamkuta mwanamke mrefu ana paji la uso la mama yetu. Alinikumbatia na hakuniachia. Yule bibi alipita akatupungia, akaenda zake.

"Tunaenda hospitali moja kwa moja?" nikauliza.

"Nyumbani kwanza, mujomba. Ukule."

Nyumbani kulikuwa na viatu vingi mlangoni, lakini wanawake waliokuwa ndani walitoka mmoja mmoja tulipoingia, wakinisalimia na kutazama chini. Aziza aliniandalia wali na maharage. Akasimama pembeni yangu na birika la maji ya kunawa. Nilikula haraka, nimwahi dada yangu.

"Umekula, mujomba?"

"Nimekula."

"Umeshiba?"

Nikainua kichwa. Alikuwa ameketi chini, sakafuni, miguu ameikunja upande mmoja. Kwetu mnajua mtu anakaa hivyo wakati gani. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe kwa watu, nimewalisha kwanza, nimewauliza kama wameshiba, kabla ya kutaja msiba. Na bado nilikuwa sijalielewa birika, wala viatu, wala Mama Furaha na chungu chake.

"Lini?" nikamuuliza.

"Jumapili, alfajiri."

Jumapili alfajiri nilikuwa Mutakura, nimelala. Sikuwa hata nimefika uwanjani.

"Na amezikwa?"

"Jana. Walikungojea siku mbili, nikawaomba ya tatu, wakasema maiti haiwezi kuendelea kungoja. Walimswalia adhuhuri. Saa saba."

Sitaandika niliyomwambia. Nilimfokea mtoto aliyefiwa na mama yake, ndani ya nyumba ya mama yake. Nilimwambia angesema neno moja tu ningeondoka Oslo Jumanne ileile, ningelishika jeneza, ningemshusha dada yangu kaburini kwa mikono yangu badala ya kukaa kwenye treni nakoroma kama nguruwe kumchekesha bibi wa watu. Aziza alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Musafiri haambiwi," akasema. "Mama ndiye alinifundisha hivyo. Ungeanguka uwanja wa ndege, nani angekuokota?"

Hata mimi ningefanya vilevile, na hilo lilizidi kunikasirisha.

Makaburini

Makaburi ya Waislamu yako ukingoni mwa makaburi ya mji, upande wa mlima. Udongo ulikuwa bado mbichi na kibao cha muda kina namba tu. Nilisoma dua nilizoweza. Kila nikifika jina lake nilirudia tangu mwanzo.

Mzee wa msikitini, Msomali mpole, alisema watanipa ubao niuandike mwenyewe kwa kuwa Aziza amewaeleza kazi yangu. Ila akaomba maandishi yawe ya Kiingereza na herufi za kawaida, maana hapo wamezikwa watu wa kila taifa na wanaokuja kuwaombea wanasoma Kiingereza. Bujumbura, halafu Bodo.

"Ni hivyo tunavyoandika vyote," akasema. "Kila mtu anaelewa."

Alikuwa na haki. Mimi mwenyewe ningemwambia mteja vivyo hivyo, kibao ni cha anayepita. Lakini Aziza alitikisa kichwa. Akatueleza kwamba mwaka wao wa kwanza, mama yake aliandikwa vibaya kwenye kila karatasi, akawa anakwenda ofisi moja baada ya nyingine, na barafu ilivyo, kusahihisha. Ofisa mmoja akamwambia kwa ukali kwamba hata yeye kwenye fomu ameandika mji wao vibaya. Mwamini alirudi nyumbani akajaza ukurasa mzima wa daftari herufi ile moja. "Akaniambia, nikitaka waandike langu vizuri, nitaanza mi kuandika la kwao. Wakamuandika vizuri, mujomba. Ilichukua miaka mitatu."

Mzee akanitazama, akasema kaburi ni letu.

Niliuandika ubao ule siku mbili, kwenye meza ya jikoni ya Mwamini. Rangi nyeusi, herufi wima, bila kivuli wala urembo. Mwamini binti Juma. Bujumbura. Bodø. Nilipofika kwenye mstari wa kukata ile o ya mwisho niliweka brashi chini. Aziza akanishika bega, kisha nikaichukua tena, nikauvuta mara moja kutoka chini kwenda juu.

Simu za Mutakura

Mama alipiga siku ileile ya Alhamisi. Niliitazama simu ikilia. Saa mbili kabla nilikuwa nimeapa mbele ya Aziza kwamba mila hii ya kufichana inaishia kwangu.

"Umefika, Saidi?"

"Nimefika, mama."

"Umemukuta?"

"Nimemkuta. Amelala."

"Anakula?"

"Kidogo. Uji."

Aziza aliondoka chumbani. Mama akasema, "Asante, mwanangu. Kaa na mutoto wake."

Nikawa na kazi hiyo kila siku kwa karibu wiki mbili. Nilimtengenezea dada yangu homa inayoshuka, nikampa usingizi mzuri, siku moja nikasema ameuliza habari za jirani yetu wa zamani. Mama hakuwahi kuomba kuongea naye. Alipokea kila nilichompa na kunishukuru. Nilisema moyoni, acha awe na siku chache hizi, nitamwambia nikiwa nimemshika.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuwa na kuchelewa hata mara moja. Ndivyo ilivyo. Kutoka uwanjani nilikwenda moja kwa moja Mutakura, sikupita Buyenzi, sikutaka kuonana nanyi kabla yake.

Mama alikuwa ameniandalia chakula. Nikasema tule wote. Nilitaka ale kwanza, mnaelewa. Nilimtazama akimega tonge dogo dogo, nikasubiri, na alipokwisha nikamuuliza.

"Umekula, mama?"

"Nimekula."

"Umeshiba?"

Akanawa mikono polepole, akaifuta kwenye kanga. "Saidi, teremka tu kwenye kiti, ukae chini," akasema. "Mi najua."

Nikabaki nusu nimekaa, nusu nimeinuka.

"Mutoto alinipigia Jumapili ile, we ulikuwa umelala chumba hiki. Nikamwambia asikwambie. Ungejua ungekaa matanga hapa, na yule mutoto yuko peke yake kule kwa watu, hana hata mujomba wa kumushika mukono. Nikasema uende."

"Ulijua? Na simu zote zile, nilipokwambia anakula uji?"

"Nilikuwa nasikia sauti yako namna ulivyokuwa unahangaika. Nikasema acha nimusaidie."

Ikanijia sasa kwamba kutoka siku ile mpaka siku hiyo zilikuwa zimepita siku kumi na nane. Na hakuna hata mmoja kati yenu aliyenipa pole kwenye simu, kwa sababu hakuna aliyejua.

"Mama, nani alikaa na wewe?"

"Nani angekaa? Angeingia mutu mumoja tu hapa kulia, jioni Buyenzi yote ingejua, na we ungepigiwa uko njiani." Alisema alikwenda sokoni kama kawaida. Alialikwa harusi ya jirani, akaenda. Wakimuuliza habari za Mwamini alijibu kwamba mgonjwa anaendelea.

Kisha akanitazama, mama yangu, mzee wa miaka karibu themanini, akaniuliza kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka:

"Sasa naweza kulia?"

Nikamwambia ndiyo, mama. Nikamshika mpaka alipoweza kukaa peke yake, halafu nikaenda nyuma ya nyumba kuchukua mikeka, nikaitandika barazani, nikafungua geti ili watu waingie.